Kabla Hujatupa Kabureta ya Honda ya Mzee

Katika stoo nyingi za Handeni na Korogwe kuna pikipiki iliyofunikwa turubai. Mara nyingi ni Honda XL au CG, au Yamaha AG100 au DT, iliyokuja enzi mzee akiwa bwana shamba, mratibu elimu au katekista mwenye vigango vingi vya kuzungukia. Mzee alistaafu au alitangulia mbele ya haki, pikipiki ikasimama. Sasa kijana wa nyumbani ameitoa, ameifunga plagi mpya, amepiga kiki mpaka mguu umekufa ganzi, na injini imemjibu kwa kukohoa mara mbili na kumwaga petroli chini. Anaikokota hadi kijiweni. Fundi anaitazama dakika moja na kutoa hukumu: kabureta imekufa, nunua ya Kichina, funga, ondoka.

Usikubali haraka. Kabureta haina mengi ya kuchakaa. Mwili wake ni madini mepesi ya kumiminwa kwenye kalibu, jeti zake ni shaba, na petroli inapita humo miaka nenda rudi bila kuzikwangua. Vinavyozeeka ni vitu vya mpira, gasketi za karatasi na ncha ya sindano ya boya. Kwa pikipiki iliyotembea sana ongeza slaidi na sindano yake ndefu. Yaliyobaki yote ni uchafu, na uchafu unatoka.

Sibishi kwamba kabureta mpya ya bei rahisi inaweza kuiwasha injini siku hiyohiyo. Lakini jeti zake zilichaguliwa kwa injini nyingine, yenye eakilina nyingine na ekzosi nyingine. Utaondoka na pikipiki inayokunywa mafuta kuliko gari dogo, au inayokwenda vizuri pale Manundu, Korogwe mjini, na kukata pumzi ikiona mlima. Kabureta ya zamani ya Keihin au Mikuni iliyosafishwa vizuri ni bora kuliko hiyo mpya, na hapo sina shaka.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha kosa ni la kabureta kweli. Kabureta nyingi hufunguliwa kwa dhambi za wengine. Chomoa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, piga kiki, uone kama inatoa cheche ya buluu yenye nguvu. Ziba tundu la plagi kwa kidole wakati mwenzako anapiga kiki: injini yenye uzima itakisukuma kidole. Kwa injini ya fostroki pima nafasi ya valvu. Fungua eakilina, barabara ya vumbi inaweza kuijaza hadi injini ikose hewa, na mwenyewe akalaumu jeti. Yakishakuwa sawa hayo, ndipo tuendelee.

Tena hatuanzi na kabureta. Tunaanza na tangi. Mtu anaweza kusafisha kabureta asubuhi, ikawa mpya kabisa, na jioni ikaziba tena kwa kutu ileile iliyoiziba mwanzo. Mwaga petroli yote ya zamani. Ikiwa imegeuka rangi na kunuka kama rangi ya mafuta, hiyo si petroli tena. Sehemu yake nyepesi imeruka, imebaki ile nzito inayoganda kama gundi. Tia ndani ya tangi maji ya sabuni na mnyororo mfupi au nati kadhaa, tikisa sana, mwaga, rudia. Kutu iliyoshika inalainika kwa siki au maji ya ndimu yakilazwa humo usiku kucha. Suuza, kausha juani siku nzima, halafu zungushia ndani petroli iliyotiwa oili kidogo ili kutu isirudi. Hesabu nati zako zinapotoka. Koki nayo ifunguliwe, kwa sababu ndani yake kuna chujio dogo la wavu ambalo watu wengi hawajui kama lipo. Bomba la petroli badilisha tu. Ni rahisi, na la zamani humomonyoka kwa ndani.

Haya, sasa kabureta. Kazi hii ifanyike nje au penye upepo, mbali na jiko la mkaa, sigara na jenereta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kwenda kutafuta moto wenyewe. Usinyonye petroli kwa mdomo. Na usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ndani ya nyumba yenye watoto, hata kwa nusu saa.

Tandika kitambaa cheupe juu ya sinia. Piga picha kwa simu kila hatua kabla hujatoa kitu, hasa jinsi waya wa mafuta ulivyokaa na sindano ndefu ilivyobanwa. Sindano hiyo juu ina mikato midogo, kwa kawaida mitano, na kibanio kimoja. Andika kimekaa mkato wa ngapi kutoka juu. Kwa skrubu ya hewa fanya hivi: kabla ya kuifungua, izungushe ndani taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, ndipo uitoe. Idadi hiyo ndiyo kumbukumbu yako ya kurudia. Usiikaze inapogusa, ncha yake ni nyembamba, na ikijipinda au ikitanua tundu lake, hapo ndipo kabureta inapokufa kweli.

Skrubu za Kijapani zimewaliza wengi. Zina alama ya msalaba, na sisi huzifungua kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, lakini umbo lake linatofautiana kidogo na hilo la nyota. Bisibisi inaruka, kichwa kinaliwa, fundi anachukua patasi. Dawa ni kuikwangua kidogo ncha ya bisibisi yako ili izame hadi chini, kuisimamisha wima, kugonga kichwani kwa nyundo ndogo, ndipo uzungushe huku ukisukuma kwa uzito wa mwili. Ikikataa, chemsha kabureta nzima kwenye maji robo saa, baada ya kutoa boya na vitu vya mpira na plastiki na kuhakikisha hakuna petroli iliyobaki ndani. Madini ya mwili hutanuka tofauti na chuma cha skrubu, na mara nyingi inaachia. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Ukishafungua bakuli la chini utakutana na ukweli wote. Unga mweupe maana yake ni maji yalilala humo. Madini ya mwili yameliwa. Utando wa kahawia unaong'aa ni petroli iliyokauka. Chembe nyekundu ni kutu ya tangi. Kila kimoja kina dawa yake, lakini kwanza elewa kinachotendeka humo, maana ukielewa hutababaika.

Hewa inayovutwa na pistoni inapita kwenye koo jembamba la kabureta. Ikibanwa inakwenda kasi, na msukumo wake unashuka. Petroli iliyo bakulini, ambayo juu yake kuna hewa ya kawaida, inasukumwa kupanda kwenye tundu la jeti na kunyunyizwa kooni. Mchanganyiko unaoungua sawasawa ni karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kazi ya boya ni kuhakikisha bakuli halijai kupita kiasi wala halipungui, kama boya la tangi la choo. Mafuta yana njia tatu. Ukiwa umeachia mkono, jeti ndogo ya sailensa ndiyo inayolisha. Ukifungua robo hadi robo tatu, sindano ndefu iliyo kwenye slaidi ndiyo mwamuzi. Ukifungua hadi mwisho, ni jeti kubwa. Kwa hiyo pikipiki inayokataa kushika sailensa lakini inakimbia vizuri inakuonyesha kabisa pa kwenda: jeti ndogo. Inayoshika sailensa lakini inamisi ukifungua mkono wote, jeti kubwa au petroli haishuki ya kutosha kutoka tangini.

Jeti ndogo ndiyo mgonjwa wa kwanza katika pikipiki yoyote iliyosimama muda mrefu. Kwa Keihin, yenye namba 35 ina tundu la karibu milimita 0.35. Tundu hilo likibaki na utando mwembamba tu, injini haitashika sailensa, utavuta choki kila wakati, na mtu atakuambia kabureta imekufa. Wengi huchukua waya wa breki ya baiskeli au sindano ya kushonea na kuchokoa. Usifanye hivyo. Chuma kinakwangua shaba, tundu linapanuka, na tangu siku hiyo namba iliyoandikwa kwenye jeti inakuwa uongo. Hapa Korogwe tunayo zana bora kuliko zote na inaota shambani: singa moja la katani. Ni gumu kiasi cha kusukuma uchafu, na laini kiasi cha kutokwangua shaba. Loweka jeti kwenye dawa ya kabureta au thina kwa saa kadhaa, pitisha singa, puliza, iangalie kwa kuielekeza kwenye mwanga. Unatakiwa uone duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo, rudia. (Richard Hindorf alileta mkonge nchini mwaka 1893, na katika mwaka huohuo Wilhelm Maybach huko Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka huko Hungaria, walikuwa wakitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli. Vitu hivi viwili vimechelewa kukutana.)

Jeti kubwa na bomba lake lenye vitundu vingi pembeni vifanyie vilevile. Usisahau vitundu hivyo vya pembeni. Vinaingiza hewa, na vikiziba pikipiki inakunywa mafuta bila sababu inayoonekana. Kisha njia zilizomo mwilini mwa kabureta. Nyunyizia dawa kila tundu na uone inatokea wapi. Kila tundu lina mahali pake pa kutokea, na lisilotokea kokote ndilo lililoziba. Kompresa ya mtu wa pancha inafaa sana kwa kazi hii, ila toa boya kwanza, maana upepo ule unaweza kuliponda.

Kwa unga mweupe na kutu, maji ya ndimu ya moto yanafanya kazi nzuri. Lakini usilaze kabureta humo usiku kucha kama tangi. Asidi ikimaliza uchafu inaanza kula madini yenyewe. Dakika kumi, kumi na tano, huku ukitazama, kisha maji yenye magadi soda, kisha maji safi, kisha upepo.

Boya. Litikise karibu na sikio. Ukisikia maji ndani limetoboka. La shaba lizamishe kwenye maji ya moto: povu dogo litakuonyesha tundu, na fundi wa kuchomelea kwa risasi analiziba, mradi asiweke risasi nyingi ikaongeza uzito. La plastiki lililotoboka halitibiki. Sindano ya boya itazame ncha yake kwa kukuza kwa kamera ya simu. Ikiwa na mstari uliozama kuizunguka, imekwisha, na hiyo ndiyo inayomwaga petroli chini. Kiti chake kisafishe kwa kijiti cha kiberiti kilichofungwa pamba, kamwe si msasa.

Ukishafunga boya na sindano, igeuze kabureta juu chini na upulize kwenye mdomo wa kuingizia petroli kwa bomba safi. Hewa isipite. Kisha kimo cha boya: kwenye maboya yenye ulimi wa shaba, ulimi huo unaweza kukunjwa kidogo sana. Njia ya uhakika bila kitabu cha pikipiki ni kufunga bomba jeupe linaloonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia la bakuli, ulikunje kwenda juu pembeni ya kabureta, ufungue koki. Petroli kwenye bomba itasimama pale iliposimama ndani. Ikae milimita chache chini ya mpaka wa bakuli na mwili. Ikipita mpaka huo, itamwagika au injini itazama kwa mafuta. Ikiwa chini mno, itakata kwenye mlima.

Sasa gasketi, na hapa nina ugomvi na vijiwe vyetu. Silikoni ya bomba haina kazi kwenye bakuli la kabureta. Petroli inailainisha, nyuzi zake zinakatika na kwenda moja kwa moja kwenye jeti uliyoihangaikia. Mpira wa tyubu ya baiskeli nao unavimba ukilowa petroli. Leo unaziba, kesho umefura umetoka nje. Nunua karatasi ya gasketi, ilaze juu ya mwili, gonga ukingoni taratibu kwa kichwa cha nyundo ndogo mpaka ikatike kwa umbo lilelile. Oringi zinunue zile zinazovumilia mafuta, ukienda dukani na ya zamani mkononi. Mwenye CG ana nafuu: tangu Honda waitoe mwaka 1976, injini yake ya fimbo za kusukuma valvu imenakiliwa mno, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria leo ni wajukuu zake. Sindano ya boya na gasketi hupatikana katika duka lolote la spea, mradi ulinganishe kwa macho kabla ya kulipa.

Ukinunua seti nzima ya vipuri vya kukarabati kabureta, chukua vya mpira na karatasi, na zile shaba mpya ziweke kwenye boksi. Jeti za zamani zilizosafishwa ndizo zirudi ndani, isipokuwa kama mtu alishazichokoa. Kaza jeti ukiwa umeshika bisibisi kwa vidole viwili, si kwa mkono mzima. Shaba ndani ya madini mepesi haina ubavu.

Kuna kosa moja ambalo halionekani na linasumbua sana Honda ndogo. Masikio mawili yanayobana kabureta kwenye injini hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, na katikati panabaki upenyo. Hewa ya wizi inaingia, sailensa inapanda na kushuka yenyewe, injini inapata joto. Weka uso huo juu ya kipande cha kioo. Ukicheza, laza msasa laini juu ya kioo, usugue kwa duara mpaka uso wote ung'ae sawa. Baada ya kufunga, injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye kiungo hicho. Mlio ukibadilika, bado kuna upenyo. Wenye Yamaha za tustroki walitilie maanani zaidi hili, kwa sababu hewa ya wizi kwenye tustroki huishia kwenye pistoni kunata.

Mwenye bahati, au mkosi, wa pikipiki yenye kabureta mbili asizifungue zote kwa pamoja. Amalize moja, ya pili ibaki kama kielelezo, na vipuri visichanganywe. Mwishoni ahakikishe slaidi zote mbili zinaanza kupanda kwa wakati mmoja anapovuta mkono.

Kurekebisha sailensa kufanyike injini ikiwa ya moto. Rudisha skrubu kwenye mizunguko uliyoandika, au anza na mzunguko mmoja na nusu nje kama hukuandika. Kama skrubu iko upande wa eakilina, inaongoza hewa: ukiifungua unapunguza ukali wa mafuta. Ikiwa upande wa injini, inaongoza mafuta, na mambo yanakuwa kinyume. Izungushe robo kwa robo, utafute pale mlio unapokuwa juu na laini, kisha shusha sailensa kwa skrubu ya slaidi.

Baada ya hapo toka barabarani. Nenda kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, zima, chomoa plagi. Kahawia ni sawa. Nyeusi yenye masizi, mafuta mengi: teremsha sindano ndefu kwa kupandisha kibanio mkato mmoja. Nyeupe, mafuta machache: fanya kinyume chake, na mapema, kabla hujaichemsha injini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kipimo cha mwisho kwa watu wa Korogwe ni mlima wa Mombo kwenda Soni. Ikipanda bila kumisi, umefaulu. Ukiendelea hadi Lushoto, kwenye karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi kuliko ya Korogwe kwa takriban sehemu moja ya kumi, na pikipiki itaonekana nzito kidogo. Hiyo ni kawaida, usiiguse. Kati ya Korogwe na Handeni tofauti ya mwinuko ni ndogo mno, na anayekuambia inabidi jeti nyingine kwa ajili hiyo anakuuzia jeti.

Jambo lililobaki ni petroli yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Hayo yanakulinda kituoni. Hayakulindi kwenye chupa iliyoanikwa juani kando ya njia ya kijijini, ambayo hujui ilikaa siku ngapi, imeoshwa na nini, wala imeingia maji kiasi gani masika. Ukilazimika kuinunua, iache itulie, itazame kwenye mwanga, na matone ya maji yaliyokaa chini yasiingie tangini. Weka chujio dogo linaloonyesha ndani kati ya koki na kabureta.

Na ukijua pikipiki itasimama zaidi ya wiki chache, funga koki, fungua skrubu ya chini ya bakuli, na umwage petroli yote iliyomo kwenye kabureta kabla hujaifunika turubai.